Ati Auze Mtamba Anunue Prosesa

Nilikuwa nakatakata majani ya ng'ombe hapa kwangu Kitale, broker wa ng'ombe akaingia na kamba. Ati ametumwa na mjukuu wangu wa Bungoma, aje aone mtamba wake. Nilimrudisha mpaka geti na panga mkononi, lakini nilimsalimia vizuri, mimi ni mtu wa kanisa.

Huo mtamba nilimpa huyo msichana akimaliza shule. Kwetu ukipea mjukuu mtamba, ni wake, hata kama unakula kwako. Lakini hauuzwi kabla haujazaa, juu ndama ya kwanza inarudi kwa mwenye alipeana. Na ulikuwa na mimba, tumbo iko hivi!

Kesho yake nikaenda Bungoma. Nikampata kwa kompyuta yake, amevaa vile vitu vya masikio vikubwa kama bakuli.

"Kukhu!" Hivyo ndivyo ananiita, mimi nyanya yake. "Unakuja bila kuniambia?"

"Na broker ulituma ukiniambia?"

Akaanza kujikuna shingo. Akasema anataka prosesa mpya, hiyo ndiyo kitu inafikiria ndani ya kompyuta. Ya kwake ati imezeeka.

"Si ulinunua juzi?"

"Miaka tatu, Kukhu. Hiyo ni mzee."

Miaka tatu, mzee! Sasa mimi ni nini? Nikamwambia afungue gemu nione huo uzee.

Akafungua. Wuui! Magari inakimbia, vumbi inapanda, mpaka majani kando ya barabara inatingika na upepo. Nilifurahi nikasimama. "Pita huyo! Pita huyo mwekundu!" Akapita, akawa wa kwanza, nikapiga makofi. Halafu hasira ikanirudia.

"Sasa imekwama wapi?"

"Hii haikwami. Ni gemu mpya inakuja, itakuwa nzito."

"Umeijaribu?"

"Haijatoka."

Haijatoka! Mtamba na mimba yake uuzwe sababu ya gemu haijazaliwa! Tena akaongeza, prosesa mpya haiingii kwa bodi hiyo ya zamani, itabidi abadilishe bodi pia, na memori. Hiyo si ni kama uende kununua mpini, uambiwe lazima ununue na jembe na shamba?

Akaniangalia akicheka. "Lakini wewe, Kukhu, kila mwaka unanunua mbegu mpya ya mahindi. Si upande ya mwaka jana?"

Aliniuma hapo, kasichana kajanja. Lakini nikamjibu. "Mbegu ya duka ukirudia, mahindi inatoka ndogo. Hiyo prosesa yako imekuwa ndogo?"

"Haijakuwa ndogo. Ni gemu ndiyo inakua."

"Basi ngoja gemu ikushinde. Isipokushinda, unabadilisha nini? Ikikataa kabisa, na mtamba umezaa, hapo tutaongea."

Akanung'unika, "Sawa." Nikamwambia apigie broker nikisikia. Akapiga, uso umevimba kama andazi.

Hiyo gemu ilitoka mtamba ukikaribia kuzaa. Moyo wangu ulikuwa juu. Siku ya tatu simu ikalia.

"Kukhu, imefunguka! Inaenda poa. Nimepunguza tu majani ya barabarani kidogo, isisumbuke."

"Hayo punguza yote," nikamwambia. "Ya ng'ombe yako ndiyo usiguse. Na kuja uone, amezaa jike, na tayari nimeifunga upande wangu."