Gobi wa Atupele

Asiniambie mtu kwamba bibi amechanganyikiwa. Kichwa changu ni kizima, na haya yalinikuta asubuhi, hapahapa Mafinga, nimevaa sweta yangu.

Mjukuu wangu Atupele, niliyemlea mwenyewe mpaka akawa nesi, alifuga samaki wa baharini sebuleni. Kwenye baridi hii! Tangi la kioo, maji ya kukoroga na chumvi. Samaki wenyewe wanaitwa gobi: wadogo kama kidole, macho yapo utosini kama ya chura, kutwa wamejichimbia mchangani. Ukisogea tu, wamezama. Alipohamishiwa kazi Tanga akaniachia.

"Bibi, yakipungua ongeza maji matupu. Maji hukauka, chumvi haiendi popote."

"Ningekuwa na mafuta ningeshawakaanga."

Akacheka mpaka akashika ukuta.

Basi, asubuhi moja ya ukungu nachambua maharage, nikamwona Atupele kasimama sebuleni. Miguu mitupu, inachuruzika maji. Akanipita bila shikamoo! Mtoto niliyemfundisha salamu kabla hajajua kutembea! Na mimi nina kiburi changu, mkubwa haanzi kusalimia. Nikanuna, nikasubiri.

Akatumbukiza mkono tangini. Wale gobi, wanaonikimbia mimi ninayewalisha, wakatoka mashimoni wote wakamlalia kiganjani. Umeona wapi? Akanigeukia, mdomo wazi, kama anayengoja kitu. Nikainamia maharage yangu. Nilipoinua macho, hayupo. Mlango una komeo kwa ndani, kama nilivyoufunga usiku.

Maharage hayajaiva, simu ikalia. Mwenzake wa kazi. Walikwenda kuogelea jana yake jioni, Atupele akachukuliwa na maji. Hajaonekana mpaka leo. Hatuna kaburi.

Watu walijaa, wakangoja nilie. Sikulia. Niliongeza maji tangini, maana yalikuwa yamepungua.

Nyayo zake zilikauka zikaacha weupe sakafuni. Nimepiga deki, nimesugua kwa sabuni; ukungu ukishuka, zinaloa tena. Nimeonja. Ni chumvi. Gobi nao hawajanitokea tena. Chakula kinaisha, mlaji simwoni.

Bibi mwenzangu, sikia. Mtoto wako akiingia bila salamu, usimnunie. Anza wewe. Mimi sasa kila asubuhi nasimama mbele ya kile kioo nasema, "Marahaba, mwanangu." Na hakuna aliyeniamkia.