Pipa la Moto la Arlys Brekke

Hakuna mtu ninayemjua aliyechoma bendera nyingi za Marekani kama Arlys Brekke, na ole wako akusikie umeitupa moja kwenye takataka! Kwetu hapa Iowa bendera iliyochakaa haitupwi. Kila Juni inapelekwa kwenye ukumbi wa wanajeshi wastaafu, inakunjuliwa mbele ya watu, inakaguliwa, halafu inachomwa kwa heshima ndani ya pipa huku kofia zikiwa vifuani. Arlys alikuwa fundi wa helikopta jeshini, na moto ule ni wake. Mimi ni jirani yake tu, kazi yangu ni pai.

Sasa mwaka huu, jamani! Nilikuwa nimeshika kisu cha kukatia pai Arlys alipochukua bendera moja iliyokunjwa pembetatu. Akaigeuza, akasita kidogo, akaikunjua. Ikadondoka nyingine kutoka ndani: ya rangi za upinde wa mvua, ile ya wapenzi wa jinsia moja. Wote tuliijua. Ilikuwa ya Tobin kinyozi na mumewe, iliyoibwa barazani kwao siku chache nyuma.

Huko nyuma watu wakaangua kicheko.

"Choma tu, mama! Si uhuru wa kusema huo?"

"Tumbukiza, usitazame!"

Nilitamani kuwarushia pai, wajinga wale. Arlys aliiokota, akaikung'uta vumbi, akamwangalia mdogo wake wa kiume, Merle, aliyekuwa kando ya pipa na kofia yake kifuani.

"Ncha ya hii ya nje ilichomekwa upande wa kushoto," akasema. "Baba alitufundisha kukunja hivyo watu wawili tu. Na mimi sikuikunja hii."

Kicheko kikakatika. Merle akawa mwekundu mpaka masikioni. Ndiye ndugu pekee aliyebaki kwa Arlys, na kila mtu pale alijua sheria: ukiingia kwa mtu ukamharibia au ukamwibia kwa sababu ya chuki, adhabu inapanda. Arlys angemtaja polisi, angempoteza.

"Kwa hiyo wao wapeperushe, mimi nifunge mdomo?" Merle akafoka.

"Nani kakufunga mdomo, we Merle? Nunua yako! Ichome uani kwako, na atakayekugusa atanikuta mimi. Lakini hii ni ya Tobin."

Akaikunja vizuri, akavuka nayo barabara hadi kwa Tobin, moto ukimsubiri.

Basi Merle, kwa ubishi wake, akanunua kweli bendera kama ile. Jumamosi iliyofuata akaichoma uani kwake, vijana wamejaa nje ya uzio wake, wanapiga kelele, mmoja ameshika jiwe. Na nani kasimama getini na mpira wa maji? Arlys.

"Weka jiwe chini."

"Bibi, unamtetea huyu?"

"Namtetea, ndiyo. Kaichoma yake, kwake. Mtukaneni mpaka sauti ziwakauke, lakini hilo jiwe liweke chini!"

Kijana akaliachia. Ng'ambo ya barabara Tobin alikuwa amekunja mikono, amebana midomo, anaangalia rangi zikiungua moja baada ya nyingine. Hakuondoka mpaka mwisho. Nilimwonea uchungu mno.

Moto ulipokufa Arlys akamwagia majivu maji. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimeuchukia moto huu, Merle. Wote, tangu ulipowaka."

"Mbona umenilinda, dada?"

"Kwa sababu ilikuwa yako. Haya, umeshasema. Sasa panda gari nikupeleke polisi, ukaseme na ile ya Tobin uliyoiba."

Merle akamtazama, akamtazama Tobin, akatazama viatu vyake. Nilidhani ataingia ndani na kutufungia mlango. Badala yake akafuta mikono kwenye suruali, akaenda zake kwenye gari la dada yake, akafungua mlango.

"Utakaa na mimi huko?"

"Nitakaa mpaka wamalize," Arlys akasema, akawasha gari.