Mkaguzi wa Kelele Atafuta Nyumba

Kwa miaka ishirini na miwili alilipwa mshahara wa serikali kwa kazi ya kusikiliza vitu ambavyo wengine wamechoka kuvisikia. Cheo chake rasmi kilikuwa Mkaguzi wa Mazingira, Kitengo cha Sauti na Mitetemo. Ofisini walimwita Mzee Kimya, ingawa hakuwa mzee wa kuitwa hivyo, na ukimuuliza juu ya kazi yake hakunyamaza upesi. Alikuwa na shahada, kifaa cha kupimia kelele chenye kichwa cha sponji, na imani kwamba jambo lisilopimika bado halijaeleweka. Imani hiyo ilimfikisha mbali kikazi. Kwingineko haikumfikisha popote: hakuoa, na kila shangazi alikuwa na maelezo yake kuhusu sababu.

Alipofikisha miaka arobaini na tisa alihamishiwa mji mwingine, mji wa kadiri, ambao si mkubwa wa kumpoteza mtu wala si mdogo wa kila mtu kujuana. Mwezi huohuo mdogo wake wa kike, aliyekuwa muuguzi, akamfuata mumewe mbali zaidi, na hapo likazuka suala la mama.

Mama yao alikuwa mwalimu mstaafu wa darasa la kwanza. Presha ya macho ilikuwa imemwibia uwezo wa kuona kidogo kidogo kwa miaka sita, lakini nyumba yake na barabara iliyopita mbele yake alizijua kama kiganja chake. Dukani alikwenda peke yake, fimbo nyeupe mkononi, akarudi na chenji kamili. Mwanawe alipomwomba wakaishi pamoja hakukataa. Aliweka sharti.

"Nitakuja," alisema, "lakini siji kuwekwa kabatini kama vyombo vya wageni. Nipe miezi mitatu. Ikiisha kabla sijaweza kutoka mlangoni kwenda dukani na kurudi, peke yangu, bila kushikwa mkono, unanirudisha kwangu. Bila mjadala."

"Ukakae na nani huko, mama? Sisi wote hatupo."

"Na akili zangu."

Mkaguzi alimjua mama yake; alikuwa mtu wa neno lake. Alijua pia ngazi za nyumba ile ya zamani, na alijua ni mara ngapi mwaka uliopita mdogo wake alimkuta mama ameketi kwenye ngazi hizo akijipangusa magoti na kusema anapumzika. Kwa hiyo uchaguzi wa mtaa haukuwa jambo la kuchezea. Alilishughulikia kwa njia pekee aliyoiamini. Alichora jedwali.

Mitaa ilikuwa mitano. Kila mmoja aliutembelea mara tatu, asubuhi, mchana na jioni, akasimama pembeni mwa barabara na kifaa chake kimeinuliwa, huku dalali mwenye viatu vyeupe akimsubiri kwa uvumilivu wa mtu anayejua kwamba wateja wa ajabu nao hulipa.

"Bosi, hapo unapima nini? Mtandao?"

"Kelele."

"Kelele nayo mpaka upime? Mimi nina masikio mawili hapa, ningekwambia bure."

"Masikio yana upendeleo."

Dalali aliyashika masikio yake kana kwamba ndiyo kwanza anasikia habari zao mbaya, akanyamaza. Hata kunyamaza kwenyewe kulionekana kwenye kifaa.

Mtaa wa mwisho kwenye jedwali ulikuwa Mtaa wa Karakana: mashine ya kusaga nafaka, seremala, fundi bati, shule ya msingi, kinyozi na redio yake. Ulifikia desibeli sabini na nane. Wa kwanza ulikuwa mtaa mpya wenye nyumba za kuta ndefu, barabara laini na mageti ya chuma yanayofunguka bila kulia. Desibeli arobaini na moja. Mkaguzi aliisoma namba hiyo mara mbili kwa furaha ambayo wanaume wengine huiweka akiba kwa ajili ya mpira. Mama alikuwa ameteseka vya kutosha. Angalau masikio yake yapumzike. Alisaini mkataba siku hiyohiyo.

Siku ya tatu baada ya kuhamia, mama alivaa viatu, akachukua fimbo, akatoka. Duka lilikuwa mwisho wa barabara, hatua mia mbili na kumi. Mwanawe alikuwa amemhesabia. Alipofika hatua ya themanini hivi, gari lilipita kimyakimya kama paka, yeye akasogea pembeni, akageuka kidogo, na baada ya hapo hakujua tena ukuta uliokuwa mkononi mwake ni wa upande gani. Alisikiliza. Hakukuwa na kitu cha kusikiliza. Mlinzi wa geti la saba ndiye aliyemrudisha, baada ya dakika arobaini, akiwa amemshika mkono.

"Imekuwaje, mama?" mkaguzi aliuliza jioni.

"Hapa pamenyamaza kama darasa lenye mkaguzi ndani."

Alicheka, kwa sababu alidhani ni utani.

Mama alijaribu tena, mara nne. Mara nne alirudishwa na walinzi, ambao kufikia hapo walikuwa wamepeana zamu. Baada ya hapo alikaa sebuleni. Mkaguzi aliajiri mama mmoja wa makamo awe anashinda naye, akanunua viti vyenye mito, akafunga vishikio vya chuma ukutani hadi bafuni. Kila alichoongeza kilikuwa cha busara, na kila baada ya kitu kimoja mama alizidi kuongea kidogo. Mdogo wake alipopiga simu hakumbembeleza.

"Kaka, mama amepungua. Namsikia hata kwenye sauti."

"Mtaa ni mzuri. Ndio mtulivu kuliko yote mjini, nina takwimu."

"Sasa mama anaishi kwenye takwimu zako au kwenye nyumba?"

Swali hilo lilimkera siku nzima. Wiki zilikwenda. Kwenye kalenda ya jikoni, ambayo mama hakuweza kuiona lakini hakuhitaji kuiona, zilibaki wiki tatu.

Asubuhi moja yule msaidizi hakuja. Mtoto wa msaidizi huyo alikuwa anaumwa. Mkaguzi hakuthubutu kumwacha mama peke yake na mageti yale. Akamchukua kazini. Ratiba ya siku hiyo ilikuwa na safari moja tu, Mtaa wa Karakana. Palikuwa na malalamiko. Mkazi mmoja ameandika kurasa nne, ameambatisha hata saa na dakika za kila msumeno, anadai mafundi wote waondolewe kwa kuwa eneo hilo kwenye ramani ni la makazi.

"Nisubiri garini, mama. Dakika ishirini."

"Nitakwenda wapi tena?" alijibu.

Alipima kwa dakika ishirini na tano. Desibeli sabini na nane, kama mwanzo. Kikomo cha eneo la makazi kilikuwa hamsini na tano. Ripoti ilikuwa imejiandika yenyewe. Aliporudi, mlango wa gari ulikuwa wazi na kiti kilikuwa kitupu.

Mkaguzi alikimbia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu chuo kikuu. Alipita kwa kinyozi, akapita shuleni, akamwona mama kwenye karakana ya seremala, ameketi juu ya benchi ambalo halijapigwa msasa, anabishana.

"Nakwambia ni butu," mama alikuwa akisema. "Msumeno mkali haulii vile. Huo unalalamika."

"Bibi, nimeunoa juzi!"

"Juzi ya mwaka gani?"

Mafundi wenzake waliangua kicheko. Seremala akaukagua msumeno wake kwa kidole, akakunja uso, akautupa pembeni.

"Mama!" mkaguzi alisema, akihema. "Nani kakuleta hapa?"

"Miguu."

"Nimekuacha garini!"

"Uliniacha garini mbele ya shule; najua, kwa sababu watoto walikuwa wanaimba herufi nyuma yangu. Wanakosea, lakini mwalimu wao hajali. Msumeno uko kushoto. Fundi bati yuko ng'ambo ya barabara. Mashine ya kusaga iko mbele, na kabla yake kuna redio, na kati ya redio na mashine kuna duka, maana nimesikia droo ya pesa na mwanamke anayegombana na bei ya sabuni." Akageuza uso kuelekea kwa mwanawe, pembeni yake kidogo kama kawaida. "Nimefika dukani, nimerudi hadi hapa. Nilipumzika tu. Ulikuwa unafanya nini wewe?"

Mkaguzi aliitazama namba iliyokuwa bado inawaka kwenye kifaa chake. Katika miaka ishirini na miwili alikuwa ameandika mara mia kadhaa kwamba kelele ni sauti isiyotakiwa. Haikumjia akilini hata mara moja kuongeza: na nani. Labda, alijiambia, ni kosa dogo la ufafanuzi. Alijua si dogo. Alikuwa amemtafutia mama asiyeona mtaa uliozimwa taa zote, kisha akajipongeza kwa jinsi zilivyozimwa vizuri.

Jumatatu alikwenda kwa mkuu wa kitengo kurudisha jalada.

"Siwezi kuliandikia ripoti. Natafuta nyumba mtaa huo."

Mkuu alivua miwani. "Mzee Kimya, wewe? Unahamia kwa watuhumiwa?"

"Ndiyo, mkuu."

"Mpe mwenzako, basi. Na upumzike kidogo."

Mwenzake huyo, mwanamke aliyemzidi kwa jambo moja, yaani kuwauliza watu kabla ya kuwasha kifaa, alikaa siku mbili pale mtaani. Aliamua kwamba mafundi waanze saa mbili asubuhi na wafunge saa kumi na mbili jioni, na fundi bati ahamie nyuma ya ukuta. Mlalamikaji hakusubiri uamuzi. Alikuwa amechoka, akitaka mahali pa utulivu kabisa, na dalali wa viatu vyeupe alijua nyumba moja yenye kuta ndefu iliyokuwa inaachwa wazi. Alijua pia mtu wa kuichukua ile ya mlalamikaji. Inasemekana wiki hiyo alinunua viatu vingine, na havikuwa vyeupe.

Walihamia zikiwa zimebaki siku tisa. Mkaguzi alijaza pamba masikioni na kula chakula cha asubuhi akitafuna kimyakimya kama mtu aliyezama majini. Mama alifungua madirisha yote.

Siku ya nne mkaguzi alirudi mchana kuchukua jalada alilosahau, akakuta mlango umefungwa kwa kufuli. Hakuwa na ufunguo. Kwa karibu miezi mitatu hakuwahi kuhitaji ufunguo wa nyumba, kwa kuwa mama alikuwapo daima. Aligonga. Alizunguka dirishani. Mshonaji wa kike wa nyumba ya pili alisimamisha cherehani.

"Wewe kaka, unamtafuta nani?"

"Naishi hapa."

"Hapo anaishi Mwalimu."

"Mimi ni mwanawe."

"Aaa! Yule wa pamba masikioni!" Mshonaji alimtazama upya, kwa huruma. "Kaa basi. Ametoka tangu saa nne. Alikuwa dukani, sasa atakuwa kwa seremala. Wana ugomvi wao. Akimaliza atarudi."

"Nimfuate?"

"Umfuate ufanye nini?"

Alikaa kwenye kizingiti. Kwa mara ya kwanza tangu ahamie alitoa pamba. Mashine ilinguruma, msumeno mpya ulikata, redio ikatangaza matokeo ya timu asiyoijua. Baada ya nusu saa akamwona mama anakuja katikati ya hayo yote, fimbo mbele, mfuko wa sabuni mkononi, hatua zake fupi na za uhakika. Hakumwita. Alitaka amwone akifika mwenyewe mpaka mlangoni, na alijikuta amezuia hata pumzi.

Fimbo ikampiga kwenye muundi wa mguu.

"Nani amekaa mlangoni mwangu kimya kama mwizi?"

"Ni mimi, mama."

"Basi kohoa, mwanangu, watu tupite."