Ukoo Wangu wa Magamba

Utotoni mwangu nilikuwa na miguu ya magamba. Sitanii. Kuanzia magotini hadi vifundoni ngozi ilikauka ikapasuka vipande vipande, na mafuta yote ya mama hayakufua dafu. Nilivaa soksi ndefu hata jua la Kisumu liwake vipi.

Aliyenifanya niipende hiyo miguu ni Dani, nyanya yangu mzaa baba. Aliniambia kwamba nyanya wa nyanya yake alinaswa ziwani kwenye wavu wa samaki, akaolewa na mvuvi aliyemvuta. Ndiyo maana kwake samaki aina ya kamongo haikupikwa: hatuli ndugu zetu.

"Hiyo ngozi ni ya kwao," alisema. "Lakini usitoe hii maneno nje. Watu watakuogopa."

Nilimwambia mtu mmoja tu, Atieno, rafiki yangu wa dawati moja. Aliramba kidole, akakielekeza mbinguni, akaapa kunyamaza.

Miaka ya tisini ilikuwa imeanza tu. Mjomba wake Atieno akaleta gemu ya kuchomeka kwenye televisheni, nasi nusu ya watoto wa mtaa wetu wa Nyamasaria tukahamia sebuleni kwao. Ndani ya gemu hiyo kulikuwa na kabila la watu wa kijani, wenye mapezi mgongoni na magamba hadi shingoni. Habari zao zilikuwa kwa Kijapani, na nani angezisoma? Basi tukabaki kubishana walitoka wapi. Huyu anasema ni malaika walioasi, yule anasema ni wanajeshi waliomwagiwa dawa. Jumamosi moja Atieno akaona anashindwa.

"Aka, nyinyi hamjui kitu! Hawa watu wako hapa ziwani. Hata huyu ni wao, nyanya yao alivuliwa na wavu!"

Akainama, akanivuta soksi hadi chini.

Msichana niliyekuwa nimetoka kumpa pedi ya gemu akaiweka sakafuni, akapangusa mikono kwa sketi. "Ai, asiniguse!" Wote wakasogea. Nilimtazama Atieno. Alikuwa anacheka, ameshinda ubishi. Jamani, kidole alikiramba mbele yangu!

Nilikimbia hadi kwa Dani nikilia. Aliniuliza kimetokea nini, nikamweleza yote.

"Si nilikuambia?" akasema, akaendelea kuchambua mboga.

Shuleni wakanibandika jina la lile kabila, nikalibeba hadi darasa la nane. Atieno nilimchukia kwa roho yangu yote, miaka na miaka.

Juzijuzi daktari aliniambia ni ugonjwa wa ngozi wa kurithi, wa kawaida kabisa. Nikampigia mama simu, nikamkumbusha ule wavu huku nacheka.

"Dani alitunga ile hadithi," Mama akasema. "Ulikuwa unalia, hutaki kwenda shule."

"Na kamongo?"

"Ilikuwa inamtapisha tu."

Niliweka simu chini, hasira ikanipanda upya, safari hii ikimlenga mtu mwingine. Atieno nilimsamehe palepale, maana alisema kitu alichoamini ni kweli, na aliyekiamini kwanza ni mimi. Lakini Dani alinitazama nikilia, soksi ziko chini, na neno moja lingetosha: mjukuu wangu, nilikudanganya. Hakulisema. Alichagua kuwa yeye ndiye mwenye haki: si alikuwa ameniambia?

Nampenda hadi leo. Na bado sijamsamehe.