Kilo Kumi na Nane na Nusu

Kazini walimwita Pua, na hakuna aliyemwonea. Mfuko wa taka ukiwa bado umefungwa fundo, umetulia zake pembeni ya duka, yeye angesimama hatua mbili kutoka hapo na kukuambia ndani kuna nini: wali uliolala siku tatu, nepi, utumbo wa kuku, maziwa yaliyoganda. Mfuko ukifunguliwa na kumwagwa juu ya turubai, ndivyo unavyokuwa. Wengine wana kipaji cha kuimba. Yeye alipewa hicho, na jiji likamwajiri kwa hicho.

Jiji lilikuwa limeamua kwamba wafanyabiashara wote watenganishe taka zao. Maboksi, chupa na plastiki kavu zikae upande mmoja, ziende kiwandani zikafanywe kitu kingine. Uozo ukae upande wa pili, uende jalalani. Na kwa kuwa neno la mfanyabiashara peke yake halijazi fomu, kila miezi mitatu Pua alitumwa mtaani pamoja na mzee wa mizani, mtu mkimya aliyebakiza miaka miwili astaafu, wakapime duka kwa duka. Mzee alibeba mizani ya kuning'iniza na ndoo. Pua alibeba turubai, glavu na fomu.

Miaka tisa. Msiwasikilize wanaosema mtu huzoea. Hakuzoea hata siku moja. Kila alipopiga magoti mbele ya ule mrundo, ukavu kwenye ndoo hii, mabaki ya chakula kwenye ile, roho ilimchafuka vilevile kama siku ya kwanza, akameza mate, akaendelea. Lakini funza hawakumtia kinyaa kama walivyomtia watu. Funza hajipaki manukato. Funza hakuiti dada, hakusifii kazi yako nzuri huku akikuonyesha mfuko aliouosha jana kwa ajili yako, wakati ile mifuko yake ya kweli ameificha stoo inatokwa na maji.

Katika mitaa yote aliyoipima, mmoja ulimnyima raha. Ulikuwa na maduka kumi na moja upande mmoja wa barabara: duka la viatu, duka la dawa, bucha, saluni, la mikate na mengineyo. Nyuma ya maduka kulikuwa na uchochoro, nyuma ya uchochoro mtaro, na ng'ambo ya mtaro, dirisha likiutazama, palikuwa na nyumba ya mama yake.

Malori mawili ya taka yalipita mtaa huo kila wiki, na hayakutosha. Kilichobaki wenye maduka walikimwaga mtaroni. Mama alikuwa anakula madirisha yamefungwa, jasho linamtiririka, na bado nzi walipata pa kupita. Nyama aliacha kuila tangu siku alipoona matumbo ya ng'ombe yamekwama chini ya dirisha lake, yamevimba, yamegeuka kijani. Mwanamke huyo alikuwa msafi wa kupindukia. Hata binti yake wa kumzaa hakuingia ndani akitoka kazini. Aliishia kwenye bomba la uani, akajisugua, akabadili nguo, ndipo mlango ukafunguliwa. Na habari za taka zilikuwa marufuku ndani ya nyumba ile.

Kwa hiyo Pua hakumwambia mama kuhusu ule utaratibu mpya. Jiji lilikuwa limetangaza kwamba mtaa utakaorejeleza theluthi ya taka zake utapewa cheti, na lori la pili litaondolewa, maana si taka zimepungua? Mtaa ule ulianzia asilimia tisa. Ukaruka hadi ishirini na mbili. Ukafika thelathini. Upimaji mmoja zaidi, na lori la pili lingekwenda zake, mama abaki na mtaro wake. Kilichomkosesha Pua usingizi ni kwamba asilimia zilipanda na mtaro nao ulipanda. Mahali fulani palikuwa na uongo, na alijua vizuri hauko mtaroni.

Upimaji ulianza Alhamisi asubuhi kwenye duka la viatu. Nje ya mlango palikaa mzigo wa maboksi yaliyobanwa na kufungwa kiustadi, tena makavu. Pua aliingiza mkono hadi katikati ya mzigo kama kawaida yake, kwa sababu wapo wanaoyamwagia maji ili yawe mazito. Hakukuta maji. Mkono ulipotoka, glavu ilibaki humo ndani, imebanwa. Akaiacha, akavaa nyingine. Mzee alitundika mzigo.

"Kumi na nane na nusu," alisema, na Pua akaandika.

Wakahamia duka la dawa, wakatandika turubai, wakachambua uozo wa pale. Maboksi hayakuwapo, na mwenye duka akajitetea kwamba yanaletwa sasa hivi kutoka stoo, yuko njiani anayeyaleta. Kweli, walipokuwa wamepiga magoti, mzigo ukatokea mlango wa nyuma. Kumi na nane na nusu. Mzee akaigonga mizani yake kwa kidole, akaitazama kwa jicho baya.

Pale bucha harufu iliwapokea kabla ya salamu. Mwuza nyama alikuwa mtu mnene, mchangamfu, aproni yake imekauka damu za juzi. Aliwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa kwa dakika tano nzima: nyinyi ndio mashujaa wa jiji, nyinyi ndio mnatutunzia afya. Mzigo wake wa maboksi ulikuwa safi, hauna doa hata la ukucha, na ubavuni ulichungulia mfuniko wa boksi la viatu vya kike.

"Tangu lini unauza viatu?" Pua alimwuliza.

"Dada yangu, kwani sisi wauza nyama tunatembea peku?"

Akacheka mwenyewe hadi tumbo likatikisika. Kumi na nane na nusu.

Waliingia saluni saa saba. Mwenye saluni alikuwa anamkausha mtu nywele. Aliwaonyesha mzigo kwa kidevu tu. Pua aliuinamia, akapenyeza mkono katikati, vidole vikagusa kitu laini. Akakivuta. Ilikuwa glavu yake, ya mkono wa kushoto, ina doa la rangi alilolijua.

Mwenye saluni akaitazama. Uso mkavu kabisa.

"Kumbe na glavu mnarejeleza," alisema, akarudi kwenye nywele.

Sasa ndipo Pua alipouangalia mzigo vizuri, na ndipo alipoona umefungwa kwa kitu gani. Haikuwa kamba. Vilikuwa vipande vya kitambaa cheupe kama maziwa chenye majani ya kijani, vimechanwa na kusokotwa. Majani yale aliwahi kuyahesabu. Alipougua surua akiwa na miaka saba, alilala wiki mbili akilitazama pazia la dirisha la mama yake, na kila mstari wa pazia lile ulikuwa na majani kumi na manne.

Alisimama. Akaandika kilo kumi na nane na nusu kwa mara ya nne, wakafunga kazi ya siku hiyo.

Kwa mama hakuenda bombani. Aligonga mlango.

"Usiingie hivyo," mama alisema kutoka ndani. "Nenda ukaoge, unanuka hadi huku."

"Leo uvundo haukuja na mimi, mama. Leo uko humo ndani."

Mlango ukafunguka. Dirisha la nyuma halikuwa na pazia. Palikuwa na shuka imepigiliwa misumari. Na chini ya kitanda, umesukumwa hadi ukutani, ulikuwepo mzigo wa maboksi. Ulikuwa umeshamtangulia kufika nyumbani.

Mama hakukana. Aliketi kitandani akaeleza, mikono mapajani. Mwuza nyama alikuja kwake mwaka mmoja uliopita, kwa mdomo mtamu, na mwenye saluni nyuma yake. Walisema jiji linawasumbua na maboksi, wao hawana pa kuyaweka. Wakamwomba awatunzie mzigo mmoja tu, mkavu, na siku ya kupimwa aupitishe uchochoroni mlango kwa mlango. Kamba zilikuwa zinakatika kwa kuburutwa, ndiyo maana akachana pazia.

"Na wao wakupe nini?"

"Waache kumwaga mtaroni."

"Wameacha?"

"Walisema wataacha polepole, mwanangu."

Nje, kama kwa makusudi, ndoo ya mtu ilimwagwa. Walisikia ule mlio mzito wa vitu laini vikianguka majini. Harufu ikafuata, ikapita kwenye shuka, ikaingia. Mama akaziba pua kwa upindo wa nguo yake.

Pua akamweleza yote kuhusu cheti na theluthi na lori la pili. Aliongea kwa hasira, na hasira nyingine ilikuwa juu yake mwenyewe, kwa kunyamaza miezi yote ile. Mama alisikiliza bila kupepesa.

"Kwa hiyo mimi ndiye ninayelifukuza lori," alisema.

"Wewe na mimi. Wewe umeubeba, mimi nimeuandika." Pua akafuta uso. "Kesho naandika ukweli, mama. Nitaulizwa mzigo unatunzwa wapi. Itabidi nikutaje."

"Nenda kaoge," mama alisema. "Ukimaliza, nenda kwako. Nataka kufikiri."

Ijumaa Mkuu wa Kitengo cha Taka cha jiji alikuja mwenyewe, kwa suti, kitambaa cheupe mkononi cha kuzibia pua. Alikuwa ameshapigiwa hesabu ya Alhamisi na mtu asiyejulikana ni nani, na cheti alikuja nacho, kimeshachapwa kwenye karatasi ngumu inayong'aa: Mtaa wa Mfano. Wenye maduka walitoka wote. Meza ilitandikwa kitambaa mbele ya bucha, sentimita chache kutoka pale ambapo maji ya nyama yalikuwa yanachuruzika kwenda barabarani, na hapo Mkuu akaanza kuwavisha kilemba cha ukoka, nao wakakivaa.

Pua alifungua mdomo aseme. Kabla hajasema, ukasikika mlio wa magurudumu yasiyotiwa mafuta.

Mama alitokea kwenye kona ya uchochoro akisukuma kiti cha ofisini kilichokatika mgongo. Juu ya kiti palikuwa na mzigo. Alivaa nguo yake ya kutokea. Hakumsalimia mtu. Alikisukuma kiti katikati ya watu, akakisimamisha juu ya turubai ya binti yake.

"Mzigo huu unalala chini ya kitanda changu," alimwambia Mkuu. "Jana umeingia maduka manne. Leo ungeingia saba. Pimeni mara moja, mniandike mimi."

"Mama, tunapima biashara hapa, si majumba ya watu."

"Basi hii ni biashara. Mimi niliwapa maboksi, wao wanipe mtaro safi. Nenda ukauangalie huo mtaro, uone nilivyolipwa."

Mwuza nyama akaanza kucheka kile kicheko chake, akakuta yuko peke yake, akakinyamazisha. Mwenye saluni alikuwa anaangalia kucha zake. Mkuu akashusha sauti, akamgeukia Pua: yaliyopita si ndwele, ya jana yabaki kama yalivyo, haya ya leo watayaongea ofisini. Tena akasogea karibu kumnong'oneza, na Pua akanusa: manukato juu, na chini ya manukato jasho la mtu mwenye woga. Alikijua kile kitu. Alishawahi kukikuta chini ya mifuko mingi iliyooshwa.

Mzee wa mizani ndiye aliyemwokoa. Bila kuombwa, alitundika mzigo.

"Kumi na nane na nusu," alisema kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

Mama alikichukua cheti mezani, akakipapasa. "Karatasi nzuri hii," alisema, "ngumu." Akakikunja mara mbili, akakichomeka chini ya lile pazia lake, katikati ya maboksi. "Pima tena."

Mzee aliisubiri mizani itulie. Aliinama, akavaa miwani, akasoma.

"Ile ile. Haijaongeza kitu."

Fomu huhitaji sahihi mbili tu, za aliyepima na aliyeandika. Pua alipiga mstari juu ya kilo za Alhamisi, akaandika sifuri hapo na kwenye maduka saba yaliyobaki, ambayo hayakuwa na mzigo mwingine, na chini kabisa akaongeza mstari wa kumi na mbili: nyumba ng'ambo ya mtaro, kilo kumi na nane na nusu. Mzee alitia sahihi, naye akatia yake. Mkuu aliondoka bila kuaga, kitambaa puani. Asilimia ya mtaa ilirudi chini ya ile tisa ya mwanzo, na lori la pili likabaki.

Jioni hiyo Pua alipita kwa mama. Alikuwa anaelekea bombani aliposikia sauti.

"Acha bomba. Njoo hapa."

Akaingia alivyo, na uchafu wake wote, hadi dirishani. Mama alikuwa ameng'oa ile shuka. Ng'ambo ya mtaro mwuza nyama alitoka mlango wa nyuma na ndoo, akawaona wanamtazama, akatabasamu, akaimwaga polepole huku anawaangalia usoni. Matumbo yalielea kwanza, kisha yakazama nusu. 

Mama hakuziba pua.

"Kilo ngapi hizo?" aliuliza.

"Kama ishirini hivi."

"Usiniambie kama," mama alisema. "Nenda kalete mizani."