Mstari Nilioukata

Nitaanza na kosa langu, maana nikilizungukazunguka nitajikuta najitetea bure. Mimi ni mpiga chapa wa ofisi. Ubao wetu wa matangazo una kioo, na nyuma ya kioo inaenea karatasi moja tu. Tangazo likizidi ukurasa, mimi hulipunguza. Miaka tisa nimejisifia hilo. Basi tangazo la mavazi ya kazini lilipozidi kwa mstari mmoja, nikaukata ule wa mwisho. Ulisema mwenye tatizo la kiafya amwone bosi, ataruhusiwa kuvaa viatu vya wazi. Nikajiambia, wahusika nitawaambia kwa mdomo. Mdomo huu usiopumzika mchana kutwa, siku hiyo ukasahau.

Bi Karibu alikuwa mtu wetu wa mapokezi. Jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu hata aliyekuja kudai au kutukana aliambiwa "karibu, keti" kwa sauti ile ile. Mumewe alifariki mapema, hawakuzaa, naye akabaki peke yake katika nyumba ya vyumba viwili mtaa wa pili kutoka kwangu. Unadhifu wake ulikuwa wa kukera, jamani! Blauzi tatu, zote nyeupe, na hujawahi kuona kifungo kimelegea. Sketi aliipiga pasi juu ya kitambaa kibichi ili isipate kung'aa makalioni. Ila miguuni, makubazi mapana ya ngozi, mwaka mzima.

"Dada, juu waziri, chini msafiri," nilikuwa namtania.

"Ni joto tu, mdogo wangu," ananijibu, anacheka.

Joto, wapi! Ilikuwa kisukari. Miguu ilishakufa ganzi, na daktari alimkataza viatu vya kubana. Alituficha wote. Aliogopa kuambiwa amechoka, akapumzike nyumbani, na nyumbani hakukuwa na mtu.

Siku nilipobandika tangazo alilisoma mara mbili, kisha akaja mezani kwangu.

"Ni hilo tu? Hakuna jingine?"

"Ni hilo hilo, dada. Viatu vya kufunika, vyeusi. Au tukuandikie ruhusa ya makubazi?"

Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi niliendelea kuchapa, hata kichwa sikuinua.

Jumatatu akaja na viatu vyeusi vipya. Tukampigia makofi. Nilimwambia kapendeza, na kweli alikuwa kapendeza. Kumbe msumari wa kisigino ulikuwa umechomoza ndani, na mguu usiohisi haukumwambia kitu. Aliukanyaga wiki mbili nzima. Mapokezi pakaanza kunuka, tukasema ni panya. Mtu wa usafi alisogeza makabati yote akimtafuta huyo panya aliyekufa, na Bi Karibu mwenyewe akamshikia ufagio. Sijui kama alikuwa ameshajua. Siku ya tatu yake alianguka mlangoni, na hospitali walimkata mguu chini ya goti.

"Mbona hakuja kuniona?" bosi alishangaa. "Si niliandika wagonjwa waje kwangu?"

Wenzangu wakasema ni ukaidi wake, amejitakia. Mimi nikainama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Sasa ni miezi mitano. Kila Jumamosi asubuhi nakwenda kumwogesha. Namshika kwapani, namketisha kwenye kiti cha plastiki bafuni, najitia uchangamfu, namletea umbea wa ofisini. Jumamosi iliyopita nilikuwa namsugua mgongo.

"Mungu akulipe, mdogo wangu," akasema. "Ofisi nzima imenisahau. Wewe peke yako una utu."

Loo, hapo nikashindwa. Nilimweleza yote, mstari, kioo, karatasi, na kimya changu mbele ya bosi. Nililia mpaka kamasi zikanitoka. Sabuni ikamkaukia mgongoni.



"Kwa hiyo wangeniachia makubazi yangu?"

"Wangekuachia, dada."

"Na miezi yote hii unakuja kwa sababu hiyo?"

"Mwanzoni, ndiyo. Sasa hivi hata sijui."

Akaguna.

"Ungeninyamazia tu. Nilikuwa namchukia bosi, na bosi nikimchukia sipungukiwi kitu. Wewe nikikuchukia, nani atanitoa humu bafuni?"

Nilisimama na kopo mkononi, na yeye hakugeuka kunitazama.

"Nimwagie maji," akasema. "Nasikia baridi."

Nikammwagia.