Meneja Aliyeacha Kugomba

Meneja wetu alikuwa na mdomo, jamani! Kijiko kimoja kikipotea jikoni, mtasemwa kambi nzima mpaka mjute kuzaliwa. Mimi nilikuwa nahudumia wageni pale, kambi ndogo ya watalii nje kidogo ya Sitalike, na kila siku nilimjibu kimoyomoyo. Lakini likitokea la kutokea, gari limekwama mtoni au nyoka kaingia hemani, sauti yake ilishuka, uso ukalainika, akaanza kutuita "wanangu". Wenzangu wakasema huyo ndiye kiongozi. Mimi akiwa hivyo nilimwogopa zaidi.

Mama mpishi, mwenyeji wa Katumba, alikuwa anaoza binti. Kwao harusi bila pombe ya mtama si harusi. Nyumbani kuku wangemaliza kimea, basi akakificha kwenye ndoo, stoo ya kambi, kando ya unga. Na tembo kwa kunusa, usiombe! Asubuhi moja mama yumo ndani anapima mchele, dume moja likaja bila hata kuvunja kijiti, likaziba mlango, likaanza kusukuma ukuta kwa kichwa.

Tukakimbilia madebe tuyapige, ndivyo tunavyofukuza tembo shambani. Meneja akainua mkono. "Hapana, wanangu. Akishtuka akageuka, ukuta unamwangukia mama."

Akazunguka nyuma na koleo, akaanza kukata waya wa dirisha. Ndani mama alikuwa anamwita Mungu kwa Kirundi, lugha ya kwao. Meneja akamwuliza kama vile wako kwenye chai, "Mama, sare za harusi mmechagua rangi gani?"

Tofali likadondoka.

"Nakuuliza, mama. Rangi gani?"

"Zambarau," sauti ikatoka.

"Itakupendeza. Sasa sukuma ndoo ya kimea kwa mguu, iende mlangoni. Taratibu."

Tukasikia mkonga unavuta pumzi ndani ya ndoo, kisha kutafuna. Meneja akamvuta kwa makwapa kupitia dirishani, mama akatoka kachubuka mapaja, lakini mzima. Tukalia, tukacheka, tukamkumbatia. Siku ile nilimpenda yule baba, sitaki kusema uongo.

Tembo alipoondoka tukasubiri matusi. Stoo imebomoka kwa ajili ya pombe! Meneja hakugomba. Alibaki amesimama pale dirishani, koleo mkononi, anatabasamu. Kesho yake nikavunja bilauri mbele yake makusudi.

"Haidhuru, mwanangu."

Ikawa hivyo kila siku. Mboga zikaja zimezidi chumvi, wageni wakalalamika, hakuna aliyeulizwa. Wenzangu wakafurahi kupumzika. Mimi nilikuwa nikisikia sauti ile ya upole nyuma yangu, nywele zinanisimama.

Jumapili moja mkewe akaja kutoka Shanwe, na nguo zake za kanisani. Nilimpa kiti akakikataa. Akanivuta pembeni, akanishika mkono.

"Mdogo wangu, mume wangu nimezaa naye, namjua kwa kelele zake. Huyu mliyenirudishia ni nani?"